Misheni za Ghuba ya Burton na watu wake wenye doa

Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, walifika Masanze, karibu na rasi ya Ubwari katika Ziwa Tanganyika, mwaka 1880. Mwaka 1883 wakafungua misheni ya Kibanga kwenye Ghuba ya Burton, ghuba ileile ambayo kando yake umejengwa mji wa Baraka. Waumini wa kwanza walikuwa hasa watumwa waliokombolewa, na kukombolewa huko kulikuwa ununuzi: padre alilipa, mfanyabiashara akakabidhi mtoto. Malipo yaliingia katika soko lilelile ambalo Kardinali Lavigerie, mkuu wa shirika, alilipigia kelele katika miji ya Ulaya mwaka 1888. Wala waliokombolewa hawakuachwa waende watakako. Walipangiwa kijiji, shamba na kazi. Hata hivyo, mmoja wa watoto walionunuliwa namna hiyo huko Sahara, Adrian Atiman, alisomea utabibu Malta, akafika Karema, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1889, na akawatibu watu wa huko hadi uzee wake.

Doa jingine lilikuwa bunduki. Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, alikuwa amepigana katika jeshi la Papa kabla ya kuja Tanganyika kuzilinda misheni dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Kutoka kituo cha Mpala, na baadaye kile cha Mtakatifu Ludoviko wa Mrumbi, alifundisha askari, akaongoza mapigano na kutawala watu. Kumwita mmisionari ni kuyavuta maneno. Alikuwa kapteni aliyesali sana. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hiyo, jambo ambalo Wazungu wachache wa wakati wake walilifanya kwa ndoa halali ya kanisani. Mwana wao Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, akawa padre.

Je, neema inaweza kupita katika mikono yenye doa? Kanisa lilikuwa limeshalijadili suala hili barani Afrika karne nyingi kabla ya Kibanga. Wadonati wa Afrika ya Kaskazini walishikilia kwamba askofu aliyesalimisha vitabu vitakatifu wakati wa mateso hawezi kutoa sakramenti ya kweli. Agostino wa Hipo aliwapinga: anayebatiza ni Kristo, hata kama mkono unaomwaga maji ni mchafu. Hoja hiyo haikumsafisha mhudumu. Ilimlinda muumini asitegemee usafi wake.

Mwaka 1964 uasi wa wapiganaji walioitwa Simba, dhidi ya serikali ya Kongo, ulienea katika sehemu kubwa ya Kivu. Wamisionari Waksaveri, Waitalia, walikuwa wamefika Uvira miaka michache tu kabla ya hapo. Oktoba, askofu wao Danilo Catarzi na wenzake walikombolewa Uvira, lakini waliokuwa Baraka na Fizi wakabaki mikononi mwa waasi. Mchana wa tarehe 28 Novemba gari la kijeshi lilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Bruda Vittorio Faccin aliamriwa apande, akakataa, akapigwa risasi. Padre Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotoka na kuamriwa naye apande, alichagua kufa kando ya bruda wake. Jioni, huko Fizi, waliuawa Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert, mwana wa kapteni. Shule nyingi za Kongo ya Wabelgiji zilikuwa za misheni, kwa hiyo miongoni mwa Simba walikuwamo vijana waliobatizwa. Hili nalo ni sehemu ya historia ya Kanisa la Fizi, ingawa husimuliwa mara chache.

Kaskazini mwa Baraka, kwenye barabara ya kwenda Uvira, iko Nundu, na hapo mafundisho kuhusu neema na doa yana sura nyingine. Hospitali yake ni ya Wamethodisti Huru, kanisa lililofungua kituo chake cha kwanza nchini Burundi huko Muyebe mwaka 1935, chini ya John Wesley Haley. Kwa Wamethodisti neema humtangulia mwenye dhambi, humgusa kabla hajaitafuta. Kisha hutakiwa imbadilishe tabia, isiishie kwenye msamaha. Miaka hiyohiyo ya 1930 uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulienea Afrika Mashariki. Wafuasi wake, walioitwa Walokole, waliungama hadharani wizi, uzinzi na chuki, wahubiri wakiwemo, na wamisionari wa Kizungu pia walitarajiwa kusimama mbele ya Waafrika na kutaja makosa yao.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza ibada ya kuwatangaza wanne wa Baraka na Fizi kuwa wenye heri. Kwa mfiadini Kanisa halidai muujiza katika hatua hiyo. Huchunguza alivyokufa na sababu ya kuuawa kwake. Jina la Joubert likaingia katika orodha ya wenye heri kupitia padre, si kupitia kapteni.