Kutoka Lijamu hadi Ukingo wa Barabara: Historia ya Maana za Neno la Kiingereza "Curb"

Mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza "curb" hukabiliwa na maana mbili zinazoonekana kutohusiana: kudhibiti na ukingo wa barabara. Maelezo ya haraka ni kwamba ukingo umeitwa hivyo kwa kuwa huzuia magari. Maelezo hayo yanavutia, lakini historia ya neno inaelekea kwingine.

Asili yake ni "courbe" ya Kifaransa cha kale, iliyotokana na "curvus" ya Kilatini, yaani kitu kilichopinda. Mwishoni mwa karne ya 15 neno hili lilitaja ukanda au mnyororo unaopita chini ya taya la farasi na kushikizwa kwenye lijamu. Mpandaji akivuta hatamu, vipande vya pembeni vya lijamu huzunguka kama wenzo na mnyororo hubana chini ya kidevu, hata nguvu ndogo ya mkono ikatosha kumtiisha mnyama mkubwa. Katika karne ya 16 kitenzi chake kilihamia kwenye hasira, tamaa na mamlaka ya wanadamu. Sitiari hiyo sasa imekufa: asomaye habari za kudhibiti mfumuko wa bei hamwoni farasi.

Tawi la pili lilianza karne hiyohiyo, kwa maana ya fremu inayozunguka kitu, kama vile mdomo wa kisima. Katika karne ya 18 lilifikia kingo za vitalu vya bustani, kisha mawe ya kando ya barabara. Inaelekea, basi, kwamba kiungo cha matawi haya ni kupinda, wala si kuzuia. Uingereza imelitenga tawi la barabara kwa tahajia ya "kerb". Marekani haikufanya hivyo. Huko New York, madalali wa hisa waliokuwa wakiuziana barabarani waliingia jengoni mwaka 1921, lakini soko lao liliendelea kubeba jina la ukingo hadi 1953.

Kiswahili kina jozi inayofanana na hiyo kwa sura tu: kinga na ukingo. Hapa ukingo umenyambuliwa kutokana na kitenzi chenyewe cha kuzuia. Mwanaleksikografia asiihamishie Kiingereza mantiki hiyo, wala asidanganywe na tahajia mbili akaunda homonimu. "Curb" inastahili kidahizo kimoja chenye matawi mawili, na "kerb" ielekezwe kwenye tawi la pili.