Mteja au Mzigo?

Panda ngazi za jengo lolote la ofisi ndogo ndogo pale River Road, Nairobi, usome milango. Huyu ni wa Hija na Umra. Anayefuata ni wa viza za wanafunzi. Juu kidogo kuna wa fungate Zanzibar, na mkabala naye wa kazi za ndani Saudia. Wote ni maajenti wa safari. Binamu yangu ameanza kuizunguka hiyo milango ya Saudia. Na kwa kuwa nyumbani mimi ndiye msomaji wa karatasi, hata kama chuo niliacha mwaka wa pili, ameniuliza: ajenti wa kweli nitamjuaje? Nimetafuta jibu kwenye historia, maana biashara hii ni kongwe kuliko majengo ya River Road.

Anza Bagamoyo, 1871. Henry Morton Stanley anataka kwenda bara kumtafuta Livingstone, na bila wapagazi haendi popote. Wapagazi walipatikana kupitia wafanyabiashara wa pwani, mmoja wao kijana wa Kihindi wa miaka kama 20, Sewa Haji Paroo. Stanley alimlalamikia kitabuni mwake, eti hesabu zake zilikuwa na ujanja mwingi. Hata hivyo, misafara ya Wazungu iliendelea kumwendea kwa miaka mingi. Aliyetaka kufika bara alihitaji mtu anayejua wapagazi watapatikana wapi, na kitambaa na shanga gani zitakubalika njiani.

Sasa vuka bahari. Mwaka wa 1886 serikali ya kikoloni ya India iliipa kampuni ya Thomas Cook kazi ya kusafirisha mahujaji hadi Jeddah. Cook alikuwa ameanza mwaka wa 1841 na safari fupi ya treni kutoka Leicester hadi Loughborough; sasa jina lake lilijulikana dunia nzima. Meli za mahujaji zilijaa kupita kiasi, kipindupindu kilizunguka, na maskini wengi walikwama Arabuni bila nauli ya kurudi. Kampuni ilizijua meli na treni. Lakini Makka haingii asiye Mwislamu, na huko hujaji alikuwa mikononi mwa mutawifu, mwenyeji aliyejua lugha ya wageni wake, nyumba za kulala na ibada hatua kwa hatua. Baada ya miaka michache Cook aliiacha kazi hiyo.

Rudi Nairobi, 1909. Theodore Roosevelt, aliyetoka tu kuwa rais wa Marekani, anakuja kuwinda. Kampuni ya Newland & Tarlton imemwandalia kila kitu: mahema, chakula, wapishi, na wapagazi zaidi ya 200. Kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 27 hivi. Hapa ndipo niliposimama nikasoma tena. Wapagazi nao walikuwa safarini, njia ile ile, jua lile lile. Lakini ajenti hakuwa wao. Alikuwa wa aliyelipa. Kwake wapagazi walihesabiwa pamoja na mahema.

Kwa hivyo binamu, jibu langu ni hili. Ukienda fungate, wewe ndiye Roosevelt: unalipa, na ajenti anakusumbukia. Ukienda kazi ya ndani Ghuba, mara nyingi mwajiri ndiye mteja, na wewe uko upande wa wapagazi. Hata ajenti mwaminifu ana mtu wa kumfurahisha kabla yako. Usiende kwake ukidhani unanunua tiketi.

Uliza kama ofisi yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Leseni ya utalii aliyoitundika ukutani ni ya kupeleka watalii, si wafanyakazi. Uliza nani atakupokea uwanja wa ndege, jina na namba. Uliza mwajiri amemlipa nini, na wewe unadaiwa nini ukitaka kurudi kabla ya mkataba kuisha. Mkataba wenyewe uje nyumbani tuusome, kila ukurasa, kabla hujatia sahihi.

Akikasirika kwa maswali hayo, shuka ngazi. Milango bado ni mingi.