Swali la Mpemba

Mwanafunzi wa Tuwan, katika mji wa Kitale, akitia kipimajoto ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, ataona kipimo kikipanda hadi karibu digrii 94, kisha kikasimama. Akichochea moto, maji yatatokota kwa kishindo zaidi na mvuke utazidi, lakini kipimo hakitapanda tena. Kitabu chake kimekwisha kumwambia kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Basi aandike nini katika daftari lake? Wengi huandika 100. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafunza walimu chuoni, nimewaona hata watu wazima wanaojiandaa kushika chaki wakiandika 100, na wengine hukilaumu kipimajoto kuwa ni kibovu.

Kipimajoto hakina hatia, wala kitabu hakisemi uongo. Kitabu hueleza habari za maji yaliyo sawa na bahari, kama yale ya Mombasa. Kitale iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,900 hivi, na huku juu uzito wa hewa inayoyakandamiza maji ni mdogo zaidi; kwa hiyo maji huwahi kuchemka kabla ya kufikia 100. Ndiyo sababu maharagwe ya Kitale hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya Mombasa, jambo ambalo kila mpishi aliyehama kutoka pwani analijua bila ya kufundishwa na mtu. Katika kilele cha Mlima Elgon, chenye urefu wa mita 4,321, maji huchemka kwa digrii 86 hivi.

Tofauti hiyo ndogo, ambayo mwanafunzi huifuta kwa aibu, imewahi kuwa na faida kubwa. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika upande wa kusini wa ziwa ambalo yeye aliliita Victoria, ijapokuwa wenyeji walikuwa na majina yao tangu zamani. Alipotaka kujua ziwa lile lilikuwa juu kiasi gani, alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akapiga hesabu, akapata futi 3,740 hivi. Vipimo vya siku hizi hutoa mita 1,134, yaani futi 3,720 hivi. Nisisifu kupita kiasi, maana katika safari hiyo hiyo kipimo walichokipata cha Ziwa Tanganyika kilikosea kwa mamia ya futi. Hata hivyo msafiri yule aliandika kile alichokisoma. Kama angaliandika 100 kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa shuleni, asingalijua lolote juu ya urefu wa nchi aliyoikanyaga.

Lakini kisa kinachofaa zaidi kuelezwa kwa vijana wetu ni cha kijana mwenzao, tena wa nchi jirani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. (Mpemba ni jina lake tu, hakuwa mtu wa Pemba.) Wavulana wa shule ile walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa chache na wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake alipomwona mwenzake akimpita mbio na maziwa mabichi yaliyokwisha kutiwa sukari, akayaweka ndani bila hata kuyachemsha. Mpemba aliona kwamba akingoja yake yapoe, nafasi itakwisha. Akaamua liwalo na liwe, akayasukuma ndani yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu wote wawili walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu yake. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba aliliamini jibu lile.

Nataka msomaji amwelewe mwalimu yule, asimcheke upesi. Alikuwa na mtaala wa kumaliza na mtihani uliokuwa ukingoja mbele. Kitu cha moto, ili kigande, hakina budi kwanza kipite katika joto la kile cha baridi. Basi kitawezaje kukitangulia? Hoja hiyo ni safi na mtu yeyote mwenye akili angeitoa. Upungufu wake ni mmoja tu, kwamba jokofu lilikuwa pale pale shuleni na wala halikuulizwa.

Baadaye Mpemba alikutana na wauza aiskrimu wa Tanga, akasikia kwao kwamba wao huyaweka maziwa yakiwa ya moto kwa makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Hawakuwa na nadharia. Walikuwa na biashara, na biashara haipendi kungoja. Basi alipofaulu mtihani na kuingia Shule ya Mkwawa, Iringa, na somo la joto na kanuni ya Newton ya kupoa lilipofika, aliuliza tena. Safari hii mwalimu mwingine alimwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu au swali lolote, wenziwe walisema hiyo ni ya Mpemba. Mtu aliyewahi kukaa katika bweni la wavulana anajua mzaha wa namna hiyo unavyoweza kumfunga mtu mdomo kwa miaka.

Yeye haukumfunga. Alipoikuta maabara ya biolojia i wazi, alichukua vyombo viwili vidogo vya kioo, akatia maji ya bomba katika kimoja na maji ya moto katika cha pili, kwa kiasi kimoja, akaviweka katika jokofu. Baada ya saa moja hivi barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile cha maji ya moto.

Kisha shule ilitembelewa na Daktari Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya mhadhara wanafunzi waliruhusiwa kuuliza. Mpemba akasimama, akauliza ni kwa nini, katika vyombo viwili vilivyo sawa, maji ya digrii 100 hutangulia kuganda kuliko maji ya digrii 35. Wenziwe wakacheka tena. Osborne hakuamini, lakini hakumkataza. Alimwuliza kama ana hakika, akaahidi kulijaribu jambo hilo akirudi. Huko Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi alirudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kuwa ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Sijui mzaha mwingine unaofundisha sayansi kuliko huo, na yule fundi hakukusudia mzaha.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo kilicho karibu na Moshi. Katika majaribio yao waliona kwamba sehemu kubwa ya joto hutoka kwa juu, kwenye uso wa maji. Ulipofunikwa kwa utando wa mafuta, kuganda kulichelewa kwa saa nyingi. Mwaka huo huo mtaalamu wa Kanada, G. S. Kell, naye alichapisha habari kama hizo bila ya kujuana nao. Tena ikakumbukwa kwamba Aristotle wa Uyunani, Francis Bacon mwaka 1620, na René Descartes mwaka 1637, wote walikuwa wamekwisha kuyataja mambo hayo. Elimu hiyo ilikuwa imelala vitabuni, na kijana wa Usambara aliiamsha kwa kutaka aiskrimu.

Katika miaka hiyo ya 1960 kulikuwa na mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliofika Kenya pia, ambao uliwapa watoto maji, mchanga, nyasi na wadudu wavichunguze kwa mikono yao. Eleanor Duckworth, aliyekuja Kenya kuupima, hakuwapa watoto karatasi ya maswali kwanza. Aliwaingiza katika chumba chenye vitu mbalimbali, akatazama watabuni kufanya nini navyo. Waliosoma katika mpango huo walibuni mengi kuliko wenzao.

Habari ya Mpemba haijakwisha. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Burridge na Linden, walipima muda ambao maji huchukua kupoa hadi digrii 0, na hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hutangulia; wakaonyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa juu au chini kwa sentimita moja tu, jibu laweza kugeuka. Wengine hujibu kwamba kufikia digrii 0 si sawa na kuganda.

Kwa hiyo darasa la Tuwan linaweza kuingia katika ubishi huu kwa vikombe viwili vilivyo sawa na jokofu la kuazima. Maji yapimwe kiasi kimoja, kimoja kiwe na digrii 25 na cha pili 90. Vikombe viwekwe ubavu kwa ubavu juu ya kipande cha mbao, mbali na barafu iliyoganda ukutani, na mlango usifunguliwe ovyo. Jaribio lirudiwe mara kumi kwa siku mbalimbali, vikombe vikibadilishana mahali kila mara, na majibu yote kumi yaandikwe, pamoja na yale ambayo mwalimu hakuyatazamia.