Kiyoyozi cha gari la zamani, utambuzi wa

Mfumo wa kupoza hewa ndani ya gari. Kwenye Toyota za mtumba kutoka Japani, zinazoonekana sana barabara za Mbarara na Rwekubo upande wa Nakivale nchini Uganda, anza na dashibodi: swichi za kuzungusha au kusogeza ni mfumo wa mkono, kitufe cha AUTO na tarakimu za nyuzijoto ni wa kujiendesha.

Gesi ndiyo muhimu zaidi. Magari ya miaka ya 1980 yalitumia R12, iharibuyo tabaka la ozoni, iliyobanwa na Itifaki ya Montreal ya 1987. Katikati ya miaka ya 1990 R134a ilikwisha kuirithi. Soma kibandiko chini ya boneti, kisha kagua vali za kujazia gesi: za R12 zina hesi kwa nje, za R134a hazina, nazo ni nene zaidi. Fundi asichanganye gesi hizi kamwe.