Ukusanyaji na Usambazaji wa Maarifa katika Kampuni za Kimataifa: Mfano wa Njia ya Bahari ya VOC

Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, ijulikanayo kwa kifupi kama VOC, iliundwa mwaka 1602 na kudumu hadi 1799. Iliongozwa na wakurugenzi kumi na saba waliokuwa Uholanzi, ilhali kuanzia mwaka 1619 makao yake makuu ya Asia yalikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na safari ya miezi mingi. Kwa hiyo, kampuni ilikabiliwa na tatizo la maarifa: namna ya kuhakikisha kuwa alichojifunza nahodha mmoja kinawafaa wengine wote. Makala hii inaeleza jinsi tatizo hilo lilivyoshughulikiwa, na inatoa hoja kwamba kusambaza maarifa si sawa na kuwawezesha watu kuyatumia.

Mwaka 1611 Hendrik Brouwer, baada ya kupita Rasi ya Tumaini Jema, alielekea mashariki kwa kufuata pepo kali za magharibi, kisha akageuka kaskazini kwenda Java. Njia hiyo ilifupisha safari kwa miezi kadhaa. Miaka michache baadaye wakurugenzi waliwaagiza manahodha wote waifuate. Hivyo uzoefu wa mtu mmoja ukawa kanuni ya kampuni nzima. Aidha, manahodha walitakiwa kuwasilisha shajara za safari, ambazo Hessel Gerritsz, mchoraji ramani wa kampuni huko Amsterdam, alizitumia kusahihisha ramani rasmi. Ramani hizo zilikabidhiwa merikebu zilizofuata, na zilipaswa kurejeshwa ili zisiwafikie washindani.

Hata hivyo, agizo hilo lilikuwa na pengo. Nahodha aliambiwa ageuke kaskazini, lakini hakuwa na njia ya kuaminika ya kupima longitudo baharini. Alikadiria tu umbali aliokwisha kusafiri. Aliyechelewa kugeuka aliikaribia pwani ya magharibi ya Australia. Mwaka 1619 Frederik de Houtman aliviona huko visiwa vyenye miamba ya hatari, viitwavyo hadi leo Houtman Abrolhos, na ramani ya Gerritsz ya mwaka 1627 ilivionyesha. Pamoja na hayo, tarehe 4 Juni 1629, kabla ya mapambazuko, merikebu iliyoitwa Batavia iligonga miamba ya visiwa hivyo ikiwa na watu zaidi ya 300. Mwaka 1727 merikebu Zeewijk nayo iliangamia katika visiwa hivyo hivyo.

Inabainika, basi, kuwa taarifa ya hatari ilikuwapo, imeandikwa na kuchorwa. Kilichokosekana ni uwezo wa nahodha kujua yuko wapi kulingana na taarifa hiyo. Kwa kampuni za leo zenye matawi katika nchi nyingi, funzo ni kwamba haitoshi kuthibitisha kuwa waraka umefika tawini. Ni lazima pia kuuliza iwapo anayeupokea anaweza kutambua wakati ambapo unamhusu.