Gari la spoti la kale: Paa la chuma au turubai? Mteremko wa Mai Mahiu ndio mwamuzi

WAPENZI wa magari ya spoti ya kale nchini hawakosi kubishana kuhusu injini, rangi na bei, lakini swali linaloamua iwapo mnunuzi atafurahia gari lake au atajuta ni la paa. Je, achukue lenye paa la chuma lisiloondoka, au lile la wazi ambalo hufunikwa kwa turubai mvua inaponyesha?

Barabara chache huliuliza swali hilo kwa ukali kama ile inayotoka Rironi na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha kugawanyika kuelekea Narok na Naivasha. Juu, upande wa Limuru, dereva yuko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, penye ukungu na baridi ya kuuma vidole. Baada ya muda mfupi anapita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, na mara anaingia katika joto, upepo na vumbi la bonde, mlima Longonot ukiwa mbele yake. Jina lenyewe la mji huo, kwa Kikuyu, maana yake ni maji moto.

Kabla ya kulinganisha, yafaa istilahi ziwekwe sawa, kwa kuwa wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa kusudi. Kuna gari la paa la kudumu, ambalo paa lake limechomelewa na ni sehemu ya bodi. Kuna gari la wazi lenye turubai jepesi la kukunjwa. Kisha kuna la wazi lililopewa paa gumu la kuvuliwa, ambalo hufungwa kwa vishikizo na huweza kuachwa nyumbani. Mwisho ni yale ya katikati: Porsche 911 aina ya Targa, yenye upinde imara nyuma ya viti na kipande cha juu kinachotoka, au Triumph TR4 ya mwaka 1961, ambayo mnunuzi aliweza kuiagiza na kioo cha nyuma kilichosimama imara na kipande cha paa cha kuondoa. Muuzaji anayetangaza "hardtop" anaweza kuwa na lolote kati ya haya. Aulizwe.

Viwanda vya Uingereza ndivyo vilivyolifanya swali hili kuwa gumu, kwa kuuza gari moja kwa sura mbili. Jaguar ilipoionyesha E-Type mjini Geneva Machi 1961, ilikuwapo ya wazi na ya paa la kudumu. MGB ilianza na gari la wazi mwaka 1962, kisha mwaka 1965 ikaleta MGB GT yenye paa na mlango wa nyuma, ambayo mistari yake ilisaidiwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Triumph Spitfire ya mwaka 1962 ilifuatwa mwaka 1966 na GT6, yenye paa na injini ya silinda sita. Chini ya boneti tofauti huwa kidogo au haipo kabisa, isipokuwa kwa hii GT6. Tofauti kubwa iko kwenye chuma.

Gari lisilo na chesisi ya kujitegemea ni kama sanduku. Sakafu, nguzo, kioo cha mbele na paa hushikana na kulizuia lisipinde. Sanduku likiondolewa kifuniko, hulegea. Ndiyo maana mhandisi wa gari la wazi hulazimika kuimarisha sakafu, ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva na hasa mihimili inayopita chini ya milango. Hata hivyo, gari la wazi la miaka ya sitini likipita barabara mbovu hutikisika kwa namna yake: usukani hutetemeka, kioo cha mbele hucheza, na milango hugongana na fremu zake. Waliowahi kuendesha MGB ya wazi na ile ya GT siku moja katika barabara ya changarawe hawahitaji kuelezwa.

Historia ya Safari Rally inathibitisha jambo hili. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka yote ambayo yalifuatwa na dunia hakuna gari la wazi lililowahi kuyashinda. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, gari lenye umbo la kobe. Datsun 240Z, gari la spoti kwelikweli, ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Nayo ilitoka kiwandani kwa paa la kudumu pekee. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa Peugeot 504 ya milango miwili.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Mercedes. Kampuni hiyo ilikuwa na SL, gari la wazi lililopendwa mno, na ndugu yake SLC, refu kidogo na lenye paa la kudumu. Ilipotaka kushindana katika Safari ya mwaka 1979, ilileta SLC, na Hannu Mikkola akamaliza wa pili. Mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yameendelea kuwa uwanja wa magari yenye paa: Björn Waldegård alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, naye Stig Blomqvist akafanya vivyo hivyo mwaka 2015.

Bila shaka mwenye gari la kale hashindani na Mikkola. Anakwenda kula nyama choma Jumapili. Lakini barabara ni zile zile.

Vumbi ndilo adui wa kwanza. Uwanda wa Kedong, kati ya Mai Mahiu na Naivasha, una vumbi laini la volkano ambalo washiriki wa Safari wamelilalamikia kila mwaka tangu mbio za dunia ziliporejea Kenya mwaka 2021. Gari la wazi haliliepuki kwa kwenda kasi. Hewa inayoruka juu ya kioo cha mbele huacha upungufu nyuma ya viti, na pengo hilo hujazwa na hewa inayorudi kutoka nyuma ya gari, ikiwa imebeba vumbi lililotimuliwa na magurudumu yenyewe. Abiria hupakwa unga kisogoni huku kioo cha mbele kikiwa safi.

Moshi nao hufuata njia hiyo hiyo. Barabara ya Mai Mahiu ndiyo njia ya malori mazito yanayopeleka mizigo Uganda, Rwanda na mashariki mwa Congo. Yakipanda mlima kwa gia ya chini huenda mwendo wa kobe, na dereva wa gari dogo la wazi, aliyekalia kiti kilicho karibu usawa na ekseli ya lori, hana pa kujificha. Kufunga turubai na kuacha vioo vya pembeni wazi kidogo si dawa. Mara nyingi huvuta moshi wa gari lenyewe ndani kupitia matundu ya nyuma.

Kisha jua. Karibu na ikweta na katika mwinuko kama huu, miale yake huua vinyli. Turubai la vinyli hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo, na dirisha la nyuma la plastiki hugeuka manjano hadi dereva asione kinachomfuata. Turubai la kitambaa kizito hudumu zaidi na gharama yake ni kubwa zaidi. Kuna kanuni tatu ambazo fundi yeyote wa viti atazitaja: lisikunjwe likiwa limelowa, maana litaota ukungu, lisikunjwe asubuhi ya baridi kabla halijalainika, na zipu ya dirisha la nyuma, kama ipo, ifunguliwe kwanza. Anayelala Limuru na kushukia bondeni huvunja ya pili karibu kila safari.

Haya yote yasimfanye msomaji adhani gari lenye paa ni la raha tupu. Magari mengi ya aina hiyo yalitengenezwa bila kiyoyozi kwa ajili ya nchi zenye baridi. Kioo kikubwa cha nyuma kilicholala, kama cha 240Z au E-Type, hugeuza kabati la abiria kuwa jiko saa saba mchana penye kituo cha mafuta cha Mai Mahiu. Mtu mrefu hugusa dari. Kutu hujificha kwenye mifereji ya paa, kuzunguka kioo cha nyuma na kwenye bawaba za mlango wa nyuma, mahali ambapo mnunuzi wa haraka hachunguzi. Na kuna jambo lisilopimika: asubuhi ya Januari isiyo na mawingu, kuteremka ukingo huo bila kitu juu ya kichwa, bonde zima likiwa limefunguka upande wa kushoto hadi Suswa, ni starehe ambayo hakuna kidirisha kinachoweza kuitoa. Anayelikataa gari la wazi kwa hesabu pekee hajalielewa.

Ndiyo sababu paa gumu la kuvuliwa linastahili kufikiriwa zaidi ya linavyofikiriwa hapa nchini. Mercedes 230SL ya mwaka 1963 na dada zake 250SL na 280SL, zilizoendelea hadi 1971, zina paa la aina hiyo lililobonyea katikati, nazo zimepewa jina la Pagoda kwa sababu yake. Likifungwa vizuri, gari huwa tulivu, halivuji, na mwizi hawezi kulikata kwa wembe. Likivuliwa, mwenyewe anabaki na gari la wazi. Hata hivyo paa hili halirudishi ugumu wote wa bodi, kwa kuwa limeshikwa kwa vishikizo vichache tu. Kulinyanyua ni kazi ya watu wawili, na kulihifadhi kunahitaji kamba na kapi za kulining'iniza kwenye dari ya gereji. Lililolazwa sakafuni hupinda raba zake. Na likiwa nyumbani Naivasha, mvua ikimkuta mwenyewe Kijabe, halina msaada. Turubai lazima liwepo na lifanye kazi.

Katika usalama hakuna ubishi mkubwa. Gari la wazi la zamani likipinduka, kilichobaki kumlinda dereva ni fremu ya kioo cha mbele, ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo. Upinde wa chuma nyuma ya viti, uliofungwa na fundi anayejua kuushikamanisha na bodi na si sakafu pekee, ni matumizi mazuri ya pesa hata kama majaji wa maonyesho watanuna. Ukanda wa usalama unaopita begani nao huhitaji mahali pa kufungwa, na katika baadhi ya magari ya wazi mahali hapo hapapo. Jambo dogo lakini la kweli: nyani wa kando ya mteremko huo wamezoea chakula cha wasafiri, nao hawabishi hodi kwenye gari lisilo na paa.

Kuhusu bei, soko la dunia kwa jumla hulipa zaidi gari la wazi. MGB ya wazi huuzwa ghali kuliko GT ya hali sawa, na E-Type vivyo hivyo, ingawa ya wazi ndiyo yenye taabu nyingi. Mercedes 300SL inavunja kanuni: ile ya milango inayofunguka juu kama mbawa, iliyotengenezwa kati ya 1954 na 1957, inathaminiwa sawa na ya wazi iliyoifuata au zaidi. Kwa mnunuzi wa Kenya maana yake ni moja. Pesa zile zile zitampa gari la paa lililotunzwa vizuri zaidi kuliko la wazi. Kwa kuwa kanuni ya jumla huzuia kuingiza magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane, na usukani lazima uwe kulia, soko la ndani ni dogo na magari yale yale hupita mikono ile ile. Wengi wa wamiliki hukutana kwenye maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo tangu mwaka 1970, na huko ndiko mahali bora pa kuona aina zote zikiwa zimeegeshwa pamoja.

Tofauti hiyo ya bei imezaa tamaa mbaya: kuna mafundi wanaokubali kukata paa la gari la chuma ili liwe la wazi. Asikubali mtu. Bodi iliyopoteza paa bila kuimarishwa chini hulegea kwa miezi michache, milango hukataa kufunga, na gari linalobebana na lori kwenye kona za mteremko linakuwa hatari kwa walio ndani. Aidha, mabadiliko ya bodi lazima yaingizwe katika rekodi za NTSA, na kampuni ya bima inayogundua kwamba gari silo lililoandikwa ina sababu ya kukataa kulipa.

Mnunuzi aliyeamua kuchukua la wazi na afanye ukaguzi huu kabla ya kutoa pesa. Gari liegeshwe mahali tambarare, milango ifunguliwe na kufungwa, na nafasi kati ya mlango na bodi ipimwe kwa jicho juu na chini. Kisha jeki iwekwe mahali palipoelekezwa na kiwanda, upande mmoja uinuliwe, na mlango ujaribiwe tena. Ukikwama, au nafasi ikibana juu na kupanuka chini, mihimili ya chini imekwisha hata kama rangi inang'aa. Sumaku ndogo itakayopitishwa kwenye mihimili hiyo itaonyesha palipojazwa gundi badala ya chuma.

Kwa aina zote mbili, maji yamwagwe juu ya paa kwa mpira kwa dakika kumi, gari liachwe hadi asubuhi, kisha zulia la chini ya miguu linyanyuliwe na sakafu ishikwe kwa mkono.