Malezi ya Mbwa wa Sleji kwa Wainuit wa Kisiwa cha Baffin

Wainuit wa Kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, walianza kumzoesha mbwa wa sleji (gari la kuteleza juu ya theluji) kazi yake akiwa bado mdogo sana. Asili ya mbwa hao ni Alaska. Waliletwa na watu wa utamaduni wa Thule, ambao takriban miaka 1,000 iliyopita walienea mashariki hadi Greenland. Bahari ilipoganda, familia ziliwategemea mbwa kwa kuhama, kuwinda na kutembelea jamaa.

Wawindaji wakiwa safarini, kulea watoto wa mbwa kulikuwa zaidi kazi ya wanawake na watoto. Waliwalisha na kuwashikashika kila siku wazoee mkono wa binadamu. Watoto wa mbwa walipopata nguvu kidogo, walivalishwa mikanda midogo ya ngozi ya sili na kuvutishwa vitu vyepesi kambini. Mara nyingi aliyewaendesha alikuwa mtoto, naye akijifunza sauti za kuamuru na namna ya kushika mjeledi. Hivyo mwendeshaji na mbwa walifundishwa pamoja, na hilo ndilo jambo bora kabisa katika desturi hii.

Kabla ya kutimiza mwaka, mbwa alitiwa kwenye kundi la wakubwa. Mbwa hawakufungwa wawili wawili kwenye kamba moja ndefu kama ilivyo katika njia za misituni. Kila mmoja alikuwa na kamba yake ya ngozi iliyofika kwenye sleji, na kundi likitanuka mbele kama upepeo. Kamba zilitofautiana urefu. Ya kiongozi ilikuwa ndefu kuliko zote. Juu ya bahari mpangilio huu uliokoa maisha, maana barafu ikipasuka na mbwa mmoja akatumbukia, hakuwavuta wenzake. Ila mbwa walipopishana njiani kamba zilisukana, na mwendeshaji alilazimika kuvua glavu kwenye baridi kali azifumue. Majira ya kuchipua, barafu yenye ncha kali ilipokata nyayo, mbwa walivalishwa viatu vya ngozi ya sili vyenye matundu ya kutolea kucha.

Kuvuta kulikuwa sehemu tu ya elimu yao. Kwa kunusa, mbwa aliyekomaa aligundua matundu ambayo sili hupumulia chini ya theluji. Pamoja na wenzake alimzingira dubu mweupe hadi mwindaji afike. Na katika dhoruba aliijua njia ya nyumbani. Hayo aliyapata kwa kufuatana na wakubwa safarini, na kwa kuzurura kambini bila kufungwa, ambako pia alijua nafasi yake miongoni mwa wenzake.

Katika miaka ya 1950 na 1960 serikali ya Kanada iliwasukuma Wainuit kuhamia vijiji vya kudumu vyenye shule na zahanati. Sheria ikataka mbwa wafungwe vijijini, na polisi wakawapiga risasi wengi waliokutwa wakizurura. Amri hiyo iligonga kiini cha malezi yenyewe: mbwa aliyekulia kwenye mnyororo hakupata mazoezi wala adabu ya kundi. Magonjwa nayo yaliua wengi, na pikipiki za theluji zikachukua nafasi ya mbwa waliobaki. Mwindaji aliyepoteza mbwa wake kabla ya kumudu pikipiki alibaki kijijini, hana njia ya kuilisha familia. Kufikia miaka ya 1970 aina hiyo ya mbwa ilikuwa karibu kutoweka, hata ukaanzishwa mradi wa kukusanya wachache waliosalia na kuwazalisha.

Nunavut, eneo la Kanada lenye Kisiwa cha Baffin, iliundwa mwaka 1999, na mwaka uliofuata mbwa huyo akafanywa alama rasmi ya eneo hilo. Tume ya ukweli iliyoundwa na Wainuit wa Qikiqtani, yaani mkoa wa Baffin, ilikusanya ushahidi wa wazee kuhusu mauaji ya mbwa kati ya 2007 na 2010. Agosti 2019, mjini Iqaluit, serikali ya Kanada iliomba radhi kwa kuuawa kwa mbwa hao, ikaahidi kusaidia kufufua ufugaji wao.